Mhemaji wa Taifa

Nchi ninayowasimulia msiitafute kwenye ramani. Ramani zake zote zilirudishwa wizarani kurekebishwa, baada ya kugundulika kwamba mto wetu mkubwa unapinda kushoto, jambo ambalo halikuwapendeza wakubwa. Lakini ni nchi nzuri. Nimezaliwa huko, nimeoa huko, na sijawahi kuwa na ugomvi na serikali yake. Kwa hiyo haya nitakayoyasema yapokeeni kama shukrani ya raia mwema.

Mambo ya shemeji yangu Mshamu yalitokea mwaka ilipopitishwa Sheria ya Utulivu wa Pumzi. Sheria hiyo ilizaliwa na upendo. Mheshimiwa Rais alikwenda kufungua soko jipya, ambalo wataalamu walikuwa wamelijenga juu kabisa ya mlima ili lionekane kutoka Ikulu. Yeye alifika kwa helikopta. Akawakuta wananchi waliopanda kwa miguu, magunia vichwani, wanahema. Akauliza kwa masikitiko, "Mbona watu wangu wanahema? Wananilalamikia nini?"

Hakuna aliyethubutu kuutaja mlima. Waziri mmoja akajibu kwamba hiyo ni kazi ya wachochezi. Basi Bunge likakutana, likapitisha kwamba ni marufuku kwa raia yeyote kuhema, kutweta au kushusha pumzi mahali pa umma kwa namna inayoashiria kuelemewa. Ikaundwa Wizara ya Utulivu, na kila wilaya ikapata Afisa Utulivu, mwenye pikipiki, saa ya kuhesabia pumzi na sare nyeupe kama maziwa.

Tukazoea. Wapagazi wa sokoni walijifunza kupumulia puani huku wakitabasamu. Timu yetu ya taifa ya mpira ikawa inatembea uwanjani, ikafungwa na kila mtu, na magazeti yakaisifu kwa nidhamu.

*

Mshamu alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, mume wa dada yangu Sikudhani. Alikuwa na kisukari tangu ujanani, kile kisichokubali vidonge, kinachotaka sindano ya insulini kila siku. Dawa yake ilitunzwa kwenye jokofu la zahanati ya mtaa. Hakuwa mgonjwa wa kusumbua watu. Alichoma sindano yake asubuhi, akaenda kazini, akarudi na nyuzi zimemganda kwenye suruali.

Kisha ikatangazwa kwamba Waziri wa Utulivu atakuja wilayani kwetu. Ofisi ya wilaya ikaliazima jokofu la zahanati kwa ajili ya kupozea soda za ujumbe wake. Insulini ikawekwa dirishani, juani, na ikaharibika.

Sikudhani alipokwenda kuchukua dawa, muuguzi alimweleza hali hiyo kwa upole.

"Sasa dawa itapatikana lini?" dada yangu akauliza.

"Jokofu likirudi."

"Na jokofu litarudi lini?"

"Soda zikishanyweka, mama."

"Na soda zitanywewa lini?"

"Ratiba ya Waziri ni siri ya serikali," muuguzi akasema. "Hata mimi ningependa kujua, maana na chanjo za watoto ziko pale dirishani."

Sikudhani akarudi nyumbani mikono mitupu. Nilimshauri asubiri, kwa kuwa serikali ilikuwa kazini.

Mshamu alianza kwa kiu. Alikunywa maji mtungi mzima na bado akaramba midomo. Alikwenda haja ndogo mfululizo, akakonda usoni, akaanza kutapika. Mwisho ikaja ile pumzi. Haikuwa ya mtu aliyekimbia. Ilikuwa ndefu, ya kina, kifua kikipanda na kushuka kwa nguvu bila kupumzika, kama mtu anayepuliza mkaa uliolowa. Na pumzi yenyewe ilinukia ndizi zilizoiva zikapitiliza.

"Kaka, lete gari," Sikudhani akaniambia. Hakuwa ananiomba.

Tukamlaza nyuma ya pikapu yangu, Sikudhani akakaa naye. Kwenye kizuizi cha barabarani polisi akasogea, akatega sikio.

"Huyu anamhemea nani?"

"Hamhemei mtu," Sikudhani akasema. "Anaumwa."

"Wote husema hivyo. Jana nimekamata mzee mmoja, naye alisema ni pumu."

Akawa anatoa pingu. Mimi nikawasha redio, na kwa bahati taarifa ya habari ilikuwa inaanza, kwa jina la Mheshimiwa Rais na vyeo vyake. Polisi akalazimika kusimama wima na kupiga saluti mpaka vyeo viishe. Vyeo vya Rais wetu ni vingi. Nikaondoa gari taratibu, yeye bado ameinua mkono.

*

Hospitali ya wilaya tulipokewa na Daktari Eusebia Nyoni, mwanamke mfupi mwenye raba zilizochakaa kwa kutembea. Alimnusa Mshamu, akamtoboa kidole akapima sukari, na kabla hatujamaliza kujieleza alikuwa ameshamtundikia dripu ya maji ya chumvi. Insulini ilikuwapo. Jokofu la hospitali lilikuwa limenusurika kwa sababu mlango wake haufungi vizuri, na ofisi ya wilaya ililikataa.

"Atapona?" Sikudhani akauliza.

"Akiachwa apumue, atapona."

"Nani atamzuia kupumua?"

Daktari aligeuza shingo. Alitazama mlangoni, ambapo Afisa Utulivu wa Wilaya, Bwana Kitandu, alikuwa amesimama na saa yake mkononi, midomo ikihesabu.

"Daktari," Bwana Kitandu akasema, "mgonjwa wako anavunja sheria."

"Mgonjwa wangu anajitibu."

"Anahema mahali pa umma. Hospitali ni mali ya umma. Mwongozo uko wazi: mgonjwa anayehema atulizwe kwa sindano ya usingizi mpaka afikie pumzi za kawaida."

Daktari Eusebia akavuta kiti, akamkaribisha akae. Akamweleza polepole, kama mtu anayejua kwamba hasira haitamsaidia. Alisema sukari imejaa kwenye damu ya Mshamu lakini haiwezi kuingia anapoihitaji, kwa kuwa insulini ndiyo inayofungua mlango. Mwili unaona njaa, unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na mafuta yakichomwa hivyo yanaacha tindikali. Damu ina kitu mfano wa magadi, kazi yake ni kuipoza tindikali hiyo isije ikazidi. Sasa magadi ya Mshamu yanakaribia kwisha.

"Mwili una njia mbili za kutoa uchachu huo," akasema. "Figo, zinazoutoa kwenye mkojo, na mapafu, yanayoutoa na pumzi. Figo ni za uhakika, lakini ni za polepole, huchukua siku. Mapafu hufanya kazi sasa hivi. Kila pumzi unayoisikia hapo inabeba uchachu kuupeleka nje. Ukimlaza usingizi akapumua kidogo, damu itachacha na moyo utasimama. Insulini imeshaingia, inataka saa kadhaa tu. Nipe saa hizo."

Bwana Kitandu alisikiliza kwa heshima kubwa. Nilipenda namna alivyosikiliza.

"Nimekuelewa vizuri," akasema. "Sasa nitaitisha kikao."

*

Kamati ya Utulivu ya Hospitali ilikutana kwenye chumba cha upasuaji, kwa kuwa ndicho pekee chenye feni. Mwanamke aliyekuwa anasubiri kutolewa kidole tumbo aliombwa kwa adabu asubiri nje. Mwenyekiti alikuwa Mganga Mkuu, Daktari Lubuva, aliyeacha kutibu siku nyingi ili apate nafasi ya kuongoza. Mimi na Sikudhani tuliruhusiwa kusimama mlangoni kama wadau.

Mwenyekiti alifungua kikao kwa kumpongeza Rais, kisha Waziri, kisha Kamati. Akampongeza pia mgonjwa kwa kuichagua hospitali yetu. Kutoka wodini, ng'ambo ya ukuta, tulimsikia Mshamu: pumzi ndani, pumzi nje.

"Nimesoma taarifa ya Daktari Eusebia," Mwenyekiti akasema, "na nimefurahi kujifunza kwamba mwili una idara mbili zinazoshughulikia uchachu. Idara ya mapafu, ambayo ina kelele, na idara ya figo, ambayo ni tulivu. Swali langu ni dogo. Kwa nini kazi hii isihamishiwe figo?"

Wajumbe wakaitikia kwa vichwa.

"Figo ni za polepole, Mwenyekiti," Daktari Eusebia akasema. "Zinahitaji siku."

"Serikali ina subira."

"Mgonjwa hana."

"Daktari, figo ni kiungo chenye nidhamu. Hakijawahi kusikika kikilalamika. Mapafu yanataka sifa. Sisi kama Kamati hatuwezi kuyatia moyo."

"Mwenyekiti, wewe ulisomea udaktari. Haya ulifundishwa mwaka wa kwanza."

Daktari Lubuva aliutazama mkono wake uliokuwa juu ya meza. Kwa muda mfupi nilidhani atasema jambo jingine.

"Nilisoma," akasema, "kabla ya Sheria."

Mjumbe mmoja akapendekeza mgonjwa afungwe blanketi kifuani. Mwingine akapendekeza ahamishiwe wilaya jirani, ili takwimu zikae sawa. Daktari Eusebia aliweka kichwa chake kati ya viganja viwili, akakaa hivyo. Hatimaye ikaazimiwa kwamba mgonjwa apewe onyo la maandishi, na asipopunguza pumzi ifikapo saa tisa alasiri, saa ambayo Waziri ataingia hospitalini, achomwe sindano ya usingizi. Kikao kikafungwa kwa dua na soda. Soda zilikuwa za baridi nzuri.

Mwenyewe nilirudi wodini nimeridhika kwamba jambo letu limejadiliwa ngazi za juu. Sikudhani alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa nguvu.

"Wanamuua mume wangu kwa ustaarabu," akasema. "Laiti wangenitukana, ningejua la kufanya."

*

Ukutani, juu ya kitanda cha Mshamu, palibandikwa Sheria ya Utulivu wa Pumzi katika herufi kubwa, ili wagonjwa waisome wanapokosa usingizi. Sikudhani aliisoma yote, akarudia. Akafika mwisho, kwenye herufi ndogo. Akamwita daktari.

"Soma hapa."

Ilikuwa imeandikwa kwamba Sheria haitamhusu raia anayehema kutokana na kuwashangilia viongozi.

Daktari Eusebia akasoma mara mbili. Kisha akatoka, akarudi na picha ya Waziri wa Utulivu aliyoing'oa ofisini kwa Mganga Mkuu, na bendera ndogo ya karatasi. Picha wakamwekea Mshamu kifuani, bendera wakaiweka mkononi. Picha ikawa inapanda na kushuka.

Bwana Kitandu alipofika na sindano kwenye kisahani, Sikudhani alisimama mbele yake.

"Mume wangu haumwi," akasema. "Alisikia Waziri anakuja. Ameshangilia tangu jana mpaka ameishiwa nguvu."

Bwana Kitandu akamtazama daktari.

"Ndivyo ilivyo?"

"Sijawahi kuona mtu anayehema kwa dhati kama huyu," Daktari Eusebia akasema. Hapo hakusema uongo.

Bwana Kitandu aliweka kisahani chini. Jasho lilikuwa linamtoka. Sasa sindano ndiyo ingekuwa kosa, na yeye alikuwa karibu kulitenda. Akavua kofia yake mbele ya Mshamu, akaondoka akinyata.

Waziri aliingia saa tisa na nusu. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kubembeleza. Alipoiona picha yake ikipanda na kushuka kwenye kifua cha mwananchi wa kawaida, machozi yalimlengalenga. Akashika mkono wa Mshamu, ambaye hakuwa na fahamu za kutosha kujua ni nani.

"Wataalamu wanadai kwamba wananchi wetu wamechoka," Waziri akawaambia waandishi wa habari. "Ni kweli. Tazameni. Wamechoka kwa kutupenda."

Wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, tena sana, na kwa muda ule sijui nilikuwa namshangilia nani.

Dawa ilifanya kazi yake. Mchana ulipokwisha, ile harufu ya ndizi ilikuwa imepungua na kifua cha Mshamu kilikuwa kinatua. Sikudhani alikuwa anamlisha maji kwa kijiko. Daktari Eusebia alikaa kwenye kiti, raba amezivua, anatabasamu peke yake. Ndipo Waziri akarudi, kwa sababu kamera za televisheni zilikuwa hazijachukua picha vizuri. Akasimama mlangoni.

"Mbona amepungua?"

Daktari Eusebia alianza kuvaa raba zake.

"Alasiri tu alikuwa ananipenda zaidi," Waziri akasema, na nilisikitika, maana kweli aliumia.

*

Baada ya wiki Mshamu alitunukiwa cheo cha Mhemaji wa Taifa. Alipewa nishani, na akaarifiwa kwamba Siku ya Uhuru atakaa jukwaani, uwanjani, akihema mbele ya Mheshimiwa Rais mwenyewe. Alikuwa ameshaanza kutembea, bado amekonda.

"Mimi ni fundi viti," akamwambia Bwana Kitandu aliyeleta habari hizo.

"Ulikuwa," Bwana Kitandu akasema.

Kamati ikamwita tena Daktari Eusebia. Safari hii walimuuliza kwa unyenyekevu ni kitu gani hasa kilichomfanya Mshamu aheme vile. Daktari akafurahi. Alidhani hatimaye wanataka kujua. Akawaeleza habari za jokofu, dawa iliyoharibika, na siku alizokaa bila sindano. Alitegemea wangerudisha jokofu.

"Kwa hiyo," Mwenyekiti akasema, akiandika, "akikosa dawa, anahema vizuri."

Daktari Eusebia alikuja nyumbani kwa Sikudhani jioni ile kwa miguu, akaketi kwenye gogo la uani, akatueleza. Amri ilikuwa imetoka: Mhemaji wa Taifa asipewe insulini tena mpaka sherehe zipite, kwa ajili ya maandalizi. Askari atasimama zahanati kuhakikisha.

"Mimi ndiye niliyewaambia," akasema. "Nilijibu swali kama nilivyofundishwa kujibu."

Sikudhani hakumlaumu. Alimletea chai. Kisha akachukua kibuyu cha kuoshea vikombe akakitupa ukutani kikapasuka, akarudi akakaa. Ni mara ya kwanza kumwona dada yangu akivunja kitu.

Chini ya kanga yake daktari alikuwa na chupa ndogo ya insulini. Alituonyesha namna ya kuitunza bila jokofu, kwenye chungu kilichozungushiwa mchanga mbichi. Kisha akamgeukia Mshamu.

"Utachoma dawa yako kama kawaida. Uwanjani utajifanya unahema. Lakini sikiliza, shemeji: ukihema wakati damu yako ni nzima, unatoa uchachu ambao mwili unauhitaji. Damu haitaki kuchacha, na haitaki kukaukiwa na uchachu. Ukiona midomo inawasha na vidole vinakufa ganzi, punguza."

"Nikipunguza watasemaje?"

Daktari aliinuka, akakifunika chungu.

*

Siku ya Uhuru uwanja ulijaa mpaka kwenye nguzo za taa. Mshamu alivalishwa suti na kukalishwa kwenye kiti kirefu, kipaza sauti shingoni. Mimi na Sikudhani tulikuwa chini ya jukwaa, Daktari Eusebia nyuma ya kamba pamoja na watu wa Msalaba Mwekundu.

Waziri akaanza kuhutubia, na Mshamu akaanza kuhema. Alihema vizuri. Vipaza sauti vilizichukua pumzi zake vikazitawanya uwanja mzima, na wananchi, ambao hawakuwa wamesikia pumzi ya mtu hadharani kwa muda mrefu, walinyamaza kabisa. Wapo waliolia. Nadhani walikumbuka kitu.

Hotuba ilihusu mafanikio. Kila Mshamu alipopunguza, Waziri alimtupia jicho, naye akaongeza. Nikamwona anaramba midomo. Nikamwona anatazama mikono yake. Vidole vilikuwa vimejikunja, vimebanana pamoja na kuelekea chini kama mdomo wa ndege, na havikukubali kunyooka. Alijaribu kuinua mkono kumwita mtu. Waziri akadhani ni saluti, akaijibu.

"Mwambieni aache," Daktari Eusebia akapaza sauti. "Apumue polepole, basi, hakuna kingine."

Askari akamzuia. "Daktari, huwezi kumkataza raia kuhema siku kama ya leo."

Sikudhani alikuwa ameshapanda ngazi. Kabla hajafika, Mshamu alianguka kifudifudi.

Waziri alimtazama, akawatazama wananchi, akamtazama Mheshimiwa Rais, kisha akashika kipaza sauti kwa mikono yote miwili.

"Ndugu wananchi," akasema, sauti ikikatika. "Ametutoka. Amekufa kwa kutupenda."

Rais alisimama na kuinamisha kichwa. Bendi ikapiga wimbo wa maombolezo. Bendera ikateremshwa nusu mlingoti. Mshamu akafunikwa bendera nyingine, na chini ya bendera hiyo, kwa kuwa hakuna aliyemwamuru tena, mwili wake ulipumua kwa kadiri yake wenyewe. Sikudhani alipiga magoti akaingiza mkono. Alinisimulia baadaye kwamba alivikuta vidole vimeanza kulegea, kimoja baada ya kingine, ndani ya kiganja chake.

"Wanapiga wimbo wa nani?" Mshamu akanong'ona.

"Wako."

"Nimefanya nini?"

"Umekufa, mume wangu. Nyamaza, Rais bado amesimama."

Jeneza lilizikwa kwa heshima zote za kitaifa. Ndani, kwa uzito, waliweka magunia ya saruji. Mshamu tulimrudisha nyumbani kwa pikapu yangu, chini ya turubai.

*

Nilitegemea mambo yataishia hapo, kwa kuwa marehemu hadaiwi kitu na serikali. Lakini insulini ya chungu ilikwisha, na zahanati, ambayo sasa iliitwa Zahanati ya Kumbukumbu ya Marehemu Mshamu, haikuweza kumpa dawa mtu ambaye jina lake liko kwenye bango la nje akiwa na tarehe ya kufa.

Bwana Kitandu alikuja kutoa pole. Alimkuta Mshamu uani anashona kiti cha lori. Akamtazama muda mrefu, kisha akaketi na kupokea chai kutoka mikononi mwake.

"Marehemu alikuwa mtu mwema," Bwana Kitandu akasema.

"Nilimfahamu kidogo," Mshamu akajibu.

Sikudhani alishindwa kuvumilia. "Bwana Kitandu, mume wangu si huyu hapa? Unamwona, au humwoni?"

"Namwona, mama."

"Basi mwandikeni yuko hai, apate dawa. Nishani yenu chukueni."

Bwana Kitandu alizungusha kikombe. Sare yake ilikuwa imeingia madoa, na nilimwona, kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyechoka.

"Mama," akasema kwa upole, "Rais ameshalia. Machozi yake yalionyeshwa televisheni. Ni nani atakayekwenda kumwambia kwamba yalikuwa ya bure?"

Akamaliza chai, akampa Mshamu mkono wa pole, akaondoka.

Basi tukafanya lililobaki. Daktari Eusebia aliandika kwamba mimi ndiye mgonjwa wa kisukari. Ni daktari, na serikali ilikuwa bado inaliamini neno lake pale ambapo halikuwa kweli. Tangu hapo mimi ndiye ninayepanga foleni zahanati. Napewa mawaidha kuhusu ugali. Kwenye harusi wananinyima keki kwa huruma. Mke wangu analalamika kwamba majirani wanamuuliza nina muda gani wa kuishi. Nayapokea yote, kwa kuwa mimi ni raia mwema, ingawa siku hizi nikisikia vyeo vya Rais redioni nazima kabla havijaisha.

Juzi muuguzi, yule yule wa siku za soda, alinipa chupa yangu, akaandika jina langu, akanipa pole ya ugonjwa. Nikamshukuru yeye na serikali. Nilipogeuka kuondoka alisimama, akausukuma mlango ukafungika, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Na yeye anaendeleaje?"

Nilitazama dirishani, nikatazama mlango.

"Anapumua," nikasema.